Sifuri ya Kwamchanga

Nchi ya Ridhaa haimo kwenye ramani, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asichungulie dirishani. Ni nchi ya amani. Haina njaa. Ina kitu kiitwacho Msimu wa Uvumilivu, ambao huanza mahindi yanapokauka shambani na huisha serikali inapotangaza kwamba umeisha. Wageni wanaofika msimu huo wakishangaa kuona watu wembamba, huelezwa kwamba taifa linapenda michezo.

Katika nchi hiyo aliishi mtakwimu mmoja, Stara Mahundi, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na tabia ya kukunja uso akisikia namba imetamkwa ovyo. Alifanya kazi Wizara ya Mgao, na ndiye aliyetengeneza jedwali la kompyuta la kugawa mahindi ya serikali. Lilikuwa jedwali la kawaida, mistari ya wilaya na vijumba vidogo vidogo viitwavyo seli. Afisa wa wilaya anajaza idadi ya watu wake, watoto wachanga, wagonjwa, na mvua iliyonyesha. Kwenye seli ya mwisho fomula ya Stara inapiga hesabu na kutoa magunia. Jibu unaliona, hesabu yenyewe imekaa nyuma yake kimya. Haikuwa na siri yoyote. Mtoto wa darasa la saba angeielewa kabla ya kengele ya mapumziko.

Balaa ni kwamba ilifanya kazi. Kwa misimu miwili Uvumilivu ulipita na makaburi machache kuliko ilivyozoeleka, magazeti yakaandika. Sasa kitu kikifanya kazi nchini Ridhaa lazima kiwe na mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja tu. Redio ya taifa ikatangaza kwamba Mlezi Mkuu wa Jamhuri aliiota fomula ile akiwa amejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Stara akapewa doti ya kanga yenye picha ya Mlezi Mkuu, akashukuru. Hakuona ubaya. Watu wanakula, nani aliota nini, hilo si neno.

Lakini ndoto ya mkuu wa nchi haiachwi wazi kama banda la chipsi. Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Fomula kwa sauti moja, sauti ya Spika. Ikaundwa Kurugenzi, ikapewa magari, na mkurugenzi wake akawa Kanali Fungameza, askari aliyewahi kulinda daraja moja kwa miaka mingi bila hata mtu mmoja kulivuka, wakiwemo wenye mashamba ng'ambo.

Stara akaamriwa alifunge jedwali kwa neno la siri, ili afisa ajaze seli zake tu na ile ya fomula isiguswe wala isionekane. Akafanya hivyo. Siku ya uzinduzi, Waziri wa Mgao, Mheshimiwa Matarumbeta, alipanda jukwaani mbele ya kamera, akaigusa seli ya magunia, akabonyeza herufi. Kompyuta ikagoma.

"Ndugu wananchi, mmeona?" alinguruma. "Imenikataa! Mimi, waziri mzima, imenikataa! Huu ndio utawala bora. Fomula hii haifunguki leo, haitafunguka kesho, na atakayesema inafunguka, ama hajui analolisema, ama analijua kupita kiasi. Wote wawili tunapo mahali pa kuwaweka!"

Makofi yalipigwa mpaka Mlezi Mkuu alipoashiria kwa kidole kwamba yanatosha.

Jambo moja halikutajwa jukwaani. Makao makuu walitumia programu ya gharama, iliyonunuliwa kwa dola. Wilayani walikuwa na kompyuta kuukuu za msaada kutoka taifa rafiki, zenye programu nyingine, ya bure. Stara alilijua hilo. Hakudhani lingemfikisha popote.

*

Wiki iliyofuata alipigiwa simu na Lukwaro, afisa mgao wa wilaya ya Kwamchanga. Walikuwa hawajaonana uso kwa uso, ila walifahamiana sana kwa simu, maana Lukwaro alikuwa mtu wa kuuliza kama hapa paandikwe nukta au mkato.

"Dada Stara, habari za huko? Hili faili lenu mlilolifunga, kwangu halijafungwa."

"Umelifunguaje?"

"Sijalifungua. Nimelibofya kama ninavyobofya siku zote. Fomula hii hapa naiona yote, na nikigusa naifuta. Nikaogopa, asije mtu akaiharibu bila kujua."

Stara akashusha pumzi. "Programu yenu hailitambui kufuli la programu yetu. Usiguse kitu, kaka. Nitalishughulikia kimya kimya."

"Usipate taabu, dada. Nimeshaiandikia Kurugenzi, nakala kwa Waziri."

"Umewaandikia kwamba umeiona?"

"Kwa kirefu. Na fomula yenyewe nimewanakilia, ili wahakikishe."

Lukwaro akaaga, akarudi kwenye jedwali lake.

Kurugenzi walimchukua Lukwaro kesho yake, kwa heshima zote, mikono ikiwa imefungwa kwa mbele. Mitaani watu wakasema aliyefungua seli sasa kafungiwa selo. Hawakuwa sahihi: alipelekwa Kambi ya Usahaulifu, taasisi ya elimu, ambako raia waliojua kupita kiasi hufundishwa kupunguza. Mwisho wa wiki aliletewa hati atie saini kwamba amesahau. Msimamizi akamuuliza kwa utaratibu wa kawaida, "Umesahau nini?" Lukwaro, ambaye hajawahi kujaza hati nusu nusu, akaitaja fomula yote tangu mwanzo hadi mwisho, na mabano yake. Akarudishwa darasani.

*

Kamati ya dharura ikakaa, posho zikalipwa. Mjumbe mmoja alipendekeza kila kompyuta ya wilaya ilindwe na askari mwenye silaha, akiwa ameipa mgongo asije akaiona fomula. Mwingine akataka programu ya bure itangaziwe vita. Wa tatu, mgeni serikalini, aliuliza kwa nini wilaya zote zisinunuliwe ile programu ya gharama; akajibiwa kwamba fedha hizo zilikwisha kwenye fulana za uzinduzi. Ndipo wakamgeukia Stara.

"Waheshimiwa," alisema, "kufuli hili si la chuma. Ni kama pazia la mlangoni. Mgeni mwenye adabu akiliona, anapiga hodi. Ile programu nyingine hailioni kabisa, inapita. Kama hamtaki fomula ionekane, msiitume. Wilaya walete idadi zao hapa kila mwezi, tupige hesabu sisi, tuwarudishie majibu peke yake. Namba, bila fomula."

"Namba bila fomula," Kanali Fungameza alirudia, kama mtu aliyelamba asali. "Namba isiyo na kitu nyuma yake. Nani ataiba nini?"

"Ndiyo, Kanali, lakini idadi lazima ziletwe kila mwezi."

"Ziletwe na nini?"

"Na faili."

"Faili lililotoka kwenye ile programu isiyo na adabu? Liingie humu, kwenye kompyuta za Mlezi Mkuu?"

Kamati nzima ilishtuka kwa pamoja. Ikaamuliwa kwamba namba zitoke, na kitu chochote kisiingie. Stara aliinua mkono. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake uliotukuka, akafunga kikao kwa sala.

Kazi ilifanyika mchana huohuo, Kanali akisimamia. Katika kila seli ya magunia fomula ilifutwa, ikabaki namba iliyokuwepo dakika ile. Kisha namba zikafungwa kwa neno la siri alilolichagua Kanali mwenyewe. Kompyuta iliyokuwa na jedwali la asili, pamoja na nakala zote, ikachomwa moto uwanjani huku bendi ya polisi ikitumbuiza. Stara alitazama moshi, akiwa na hisia kwamba ameuza kitu kisicho chake. Ni yeye aliyesema namba bila fomula. Maneno yalikuwa yake. Walichukua nusu wakaacha nusu.

Aliporudi mezani akapitia orodha iliyotumwa wilayani. Kwamchanga ilikuwa imeandikiwa sifuri.

Alielewa mara moja. Mstari wa Kwamchanga ulikuwa mtupu mwezi ule, kwa sababu mtu wa kuujaza alikuwa anafundishwa kusahau. Hapakuwa na watu katika seli ya watu, fomula ikajibu kwa uaminifu: magunia sifuri. Na jibu hilo sasa lilikuwa limekaushwa kama samaki.

Akapanda ngazi mpaka kwa Waziri.

"Mheshimiwa, Kwamchanga wamepata sifuri. Ni makosa."

"Makosa ya nani? Fomula ya Mlezi Mkuu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Mstari haukujazwa. Afisa hakuwepo."

"Alikuwa wapi?"

"Mlimkamata."

"Unaona sasa matokeo ya utoro kazini?" Waziri akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Wala usiseme wamepata sifuri kama vile ni tusi. Sifuri ni namba kama namba nyingine, Stara, na hii imelindwa. Kuna wilaya ngapi duniani zenye namba iliyolindwa?"

Toka siku hiyo, kwa kuwa fomula ilikuwa haipo tena popote isipokuwa kichwani mwake, na kichwani mwa Lukwaro ikiendelea kupunguzwa, Stara alipewa askari wa kumfuata. Alikatazwa kuzidisha na kugawanya hadharani. Sokoni, akitaka kununua nyanya, askari ndiye aliyeuliza bei.

*

Mwezi wa tatu wa sifuri, Kanali Fungameza alifunga safari ya kukagua makufuli wilayani, akamchukua Stara aende naye kama mtaalamu. Kwamchanga walifika saa sita mchana. Barabarani hapakuwa na mbwa, na Stara hakutaka kuuliza kwa nini. Ghala la serikali lilikuwa palepale karibu na ofisi ya wilaya, limejaa mahindi mpaka kwenye madirisha, maana mahindi yaliletwa kabla ya sifuri.

Kanali alikuwa na chakula chake, wali na kuku kutoka mjini. Alibaki ndani ya gari akapandisha vioo, ili harufu isiwasumbue wananchi. Askari wa Stara alibaki naye. Ndiye aliyeshika chupa ya pilipili ya Kanali.

Ofisini Stara alimkuta mtunza ghala, Bwana Mbaruku, mzee mwenye kishada cha funguo kiunoni, ameketi mbele ya kompyuta na gazeti lililokunjwa mkononi.

"Karibu, mama. Namlinda nzi. Akitua kwenye kitufe, namfukuza. Lukwaro aligusa hapa, na hatujamwona tena."

Mlangoni akasimama mwanamke, mtoto mgongoni. Mtoto hakulia.

"Wewe ndiye dada Stara wa kwenye simu?" aliuliza. "Mimi Mama Nanzia, mke wa Lukwaro. Wamesema atarudi lini?"

"Hawajasema, mama." Stara aliangalia kioo cha kompyuta, akaangalia ghala dirishani. "Kwamchanga mna watu wangapi sasa?"

Mama Nanzia alijua. Mume wake alikuwa akihesabu kwa sauti wakati wa kula. Alitaja kijiji baada ya kijiji, watu wazima, wachanga, wagonjwa. Kisha akauliza, "Na waliozikwa, niwahesabu?"

"Hao watajie kando," alisema Stara. Hao nao akawasikiliza mpaka wa mwisho, na wa mwisho aliitwa Nanzia, mkubwa wa huyu wa mgongoni.

Alipiga hesabu kichwani. Kisha akaketi, akaifungua seli ya magunia ya Kwamchanga kwenye ile programu ya bure, ambayo haikuona pazia lolote, akaifuta sifuri, akaandika mia nne na sitini. Kompyuta ilikubali bila neno.

Mbaruku aliitazama namba. Aliitazama tena. "Imeandikwa na mashine," alisema polepole. "Mimi nasoma mashine. Sijaona mtu." Akainuka na funguo zake.

Kanali alipomaliza kuku na kushusha kioo, watu walikuwa wanapita na magunia vichwani, na moshi wa majiko ya kwanza ulikuwa umeanza kupanda.

*

Kesi ya Stara iliiletea serikali adha kubwa. Mwendesha mashtaka alisimama asubuhi ya kwanza akasema mshtakiwa alifungua jedwali lililofungwa, kisha akanyamaza, akapauka, kwa sababu kusema kwamba jedwali linafunguka ni kosa la jinai. Akaomba kesi iahirishwe ili atafute wakili wake mwenyewe.

Jioni Waziri Matarumbeta akaja mahabusu na chupa ya chai.

"Dada yangu, hukufanya kitu. Kubali tu. Jedwali halifunguki, kwa hiyo hukulifungua. Utalala kwako kesho."

"Na magunia?"

"Hayakutoka."

"Na waliokula?"

"Hawakula."

"Nimewaona wakila, Mheshimiwa."

"Stara, wilaya inayohitaji magunia sifuri ina watu wangapi? Wewe si ndiye mtakwimu?"

Stara alipiga hesabu. Ilikuwa hesabu fupi kuliko zote alizowahi kupiga, na jibu lake lilikuwa watu sifuri.

Mahakamani akasimama kabla hajaitwa. "Nilifungua," alisema, na ile sauti yake ya chini ikafika mpaka viti vya nyuma. "Niliandika mia nne na sitini. Nina hatia. Waandikeni watu wa Kwamchanga kwamba wamekula."

"Mahakama haijakuuliza," alisema Jaji, akifuta jasho. "Mahakama inakusihi ukae."

Aliletwa shahidi kutoka Kambi ya Usahaulifu. Stara hakumjua mpaka jina lilipotajwa. Lukwaro alikuwa mtu mwembamba, safi, aliyechana nywele vizuri.

"Shahidi, faili hili linafunguka?"

"Kama itakavyoonekana vyema," alijibu Lukwaro.

"Unamfahamu mshtakiwa?"

Alimtazama Stara kwa upole, kisha akamgeukia askari wake. "Namfahamu?"

"Kaka Lukwaro," Stara akaita, "una watoto wangapi?"

Lukwaro akamwangalia Kanali ili asikosee.

Jaji alisoma hukumu haraka. Kwa kuwa sifuri imelindwa, hakuna gunia lililotoka. Kwa kuwa hakuna gunia lililotoka, hakuna aliyekula. Mshtakiwa hana hatia na aache mara moja kudai anayo.

Nje ya lango walikuwa wamekaa watu wa Kwamchanga, waliokuja kwa miguu kutoa ushahidi wakazuiwa, kwani daftari la wakazi halikuonyesha mtu wa huko. Mama Nanzia akasimama.

"Wamesemaje?"

"Wameniachia."

Wanawake walifungua vinywa kupiga vigelegele. Stara akainua mkono. "Msishangilie. Wamesema hamkula."

Mama Nanzia alifikiri. "Na mwezi huu?"

"Kompyuta yenu bado ipo?"

"Tuliiacha ipo."

"Basi twendeni," alisema Stara, akavua viatu vya ofisini.

*

Walipofika, kompyuta kuukuu ilikuwa imekwishabebwa na Kurugenzi. Pahali pake paliwekwa mpya, inayong'aa, yenye programu ya gharama. Stara akaketi akajaribu. Ikamkataa kwa lugha ya adabu. Akajaribu tena. Ikamshauri awasiliane na msimamizi.

Watu walijaa uani. Mbaruku aliingia, akasimama nyuma yake akitazama sifuri. Hakuwa na gazeti mkononi.

"Mashine imekataa," alisema Stara.

"Nimeona." Mzee alivuta pumzi ndefu. "Sema wewe basi, mama. Magunia mangapi?"

"Bwana Mbaruku, hili halina mashine ya kusingizia."

"Nimekuuliza magunia mangapi."

Stara alimtazama, kisha akasema, "Yatoe yote. Na wakishabeba wasikae hapa, wavuke kilima waende wilaya ya pili."

Kazi hiyo iliwachukua mpaka jioni. Mama Nanzia alikuwa wa mwisho kuondoka, nusu gunia kichwani. "Nawe?" aliuliza. Stara akamwonyesha nyayo zake, zilizopasuka kwa safari na kuvimba. Akasema atapumzika kwanza. Mbaruku naye hakutaka kuondoka. Alisema ghala halitelekezwi, linakabidhiwa kwa mkono.

Asubuhi magari ya Kurugenzi yalisikika yakipanda barabara ya Kwamchanga. Wawili hao walikuwa wamekaa kwenye kizingiti cha ghala, wakigawana kiporo cha ugali. Mbaruku alisimama, akafunga vishikizo vya shati, akaweka funguo tayari mkononi.

Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilisema kwamba operesheni ya Kwamchanga imekwenda vizuri. Ghala lilikutwa tupu na wilaya tupu, sawasawa na takwimu za Mlezi Mkuu. Risasi zilizotumika zilikuwa chache, na hakuna aliyeumia, kwa kuwa hapakuwa na mtu.